Charger ya Ibanda

Wanaoshuka Kasese na mikoba mizito huwa na safari moja kati ya mbili: kupanda Rwenzori, au kuteremka kwenye mbuga ya Queen Elizabeth kuwatazama tembo. Mimi niliingia mjini kabla ya jua, kwa basi la usiku kutoka Kampala lililopitia Mbarara, nikiwa na bahasha yenye picha nne za gari moja: ubavuni, mbele, nyuma na juu. Gari lenyewe ni Dodge Charger ya mwaka 1970, rangi nyeusi. Nilikuwa nimeambiwa kwamba huko Ibanda, chini ya milima, yupo kijana anayeunda magari ya waya na bati yanayofuata vipimo. Sikuwahi kufika magharibi ya Uganda maishani mwangu, na Ikweta tuliyoivuka karibu na Kikorongo ilinipita nikiwa usingizini.

Kasese ni mji wa joto. Umekaa bondeni, milima iko mgongoni mwake, na vumbi lake linaamka mapema kuliko watu. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe; shaba ilisimama kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zikaacha kuja. Kilichobaki, pamoja na nyumba za kampuni na mashimo, ni mazoea ya ufundi. Gereji ziko kila kona, na kila gereji ina mzee mmoja anayekuambia alijifunzia kazi karakana ya mgodi. Nilikunywa chai ya maziwa na chapati, nikatafuta boda.

Tulishika barabara ya Fort Portal, kisha tukakata kushoto kuelekea Nyakalengija, ambako wapanda milima huanzia safari yao. Hapo hali ya hewa inabadilika ghafla. Joto la bondeni linakuacha, upepo unakuwa na unyevu, kahawa imeanikwa kwenye maturubai mbele ya nyumba, na mto Mubuku unausikia kabla ya kuuona. Juu kabisa, mahali ambapo kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kilipaswa kuwa, kulikuwa na wingu tu. Dereva wa boda aliniambia nisijisumbue, hata wao wenyewe hukaa wiki nzima bila kukiona.

Mama wa fundi alinipokea mlangoni pa duka lake. "Wabukire," alisema, akanikalisha kwenye kiti cha mbao na kumwita mwanawe kutoka nyuma. Alikuja kijana mwembamba, mikono imejaa makovu madogo ya bati, akanisalimu kwa kuinama kidogo na kuniita mzee. Darini mwa chumba chake yalining'inia magari: Land Cruiser mbili zenye hema juu, ambazo wageni wa milimani huzinunua wakishuka, na Fuso zisizopungua sita, ambazo ni za watoto wa kijiji. Mgeni anataka gari lililomleta, mtoto anataka gari linalobeba.

Nikampa bahasha. Aliitazama picha ya kwanza, akacheka.

"Ya Toretto hii."

Filamu ile ya mwaka 2001, ambamo Toretto anaendesha Charger nyeusi kama hii, aliitazama kwenye kibanda cha video mjini, VJ akiifasiri kwa Kiganda na kutia maneno yake pale wazungu walipokaa kimya. Charger aliikumbuka vizuri kuliko majina ya waigizaji. Alikumbuka jinsi lilivyonyanyua magurudumu ya mbele, na kile chombo cha kuvutia hewa kilichotokeza juu ya boneti. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari za magari ya misuli ya Wamarekani: kwamba Pontiac GTO ya 1964 ndiyo wengi wanayoihesabu kuwa ya kwanza, kwamba mpango ulikuwa kuchukua gari la kawaida la milango miwili na kulitia injini kubwa ya silinda nane, na kwamba bima, sheria za moshi na shida ya mafuta ya 1973 zilizizima mbio zile. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali lililokuwa na maana kwake: "Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni ngapi?"

Hilo nilikuwa nalo. Charger ya 1970 ina urefu wa karibu mita 5.28, na kati ya ekseli mbili ni mita 2.97. Tulikubaliana moja kwa kumi. Urefu ukawa sentimita 52.8, ekseli hadi ekseli sentimita 29.7, upana kidogo chini ya sentimita 20. Visanduku vya plastiki vinavyouzwa Ulaya na Marekani, vya Revell au AMT, hupunguza gari mara 24 au 25, na likikamilika linakaa kiganjani. Mimi nimeviunda vile kwa miaka, na sivibezi. Lakini kwenye kisanduku mwili wa gari unatoka kiwandani umeshapatikana; wewe unabakiwa na gundi, rangi na subira. Ibanda unaanza na waya ulioviringishwa.

Alichora gari sakafuni kwa mkaa, ubavu na juu, kwa ukubwa uleule litakaokuwa nao. Waya mnene aliunyoosha kwa kuuzungusha kwenye nguzo ya nyumba na kuuvuta kwa uzito wa mwili wake, huku na huku, mpaka ukalala sakafuni bila kuinuka popote. Akakata fremu ya chini kwanza. Kila kiungo alikifunga kwa waya mwembamba wa nondo, kisha akakilehemu kwa kipande cha shaba alichokipasha moto kwenye jiko la makaa. Viungo vya gari la mtoto wa miaka kumi hufungwa tu. Hivi vilifungwa na kulehemiwa, na fremu ilipodondoshwa mezani makusudi haikulegea.

Shida ya Charger ni mbili, na yeyote aliyewahi kuichora anazijua. Ya kwanza ni kioo cha nyuma, ambacho kimezama kati ya nguzo mbili zinazoteremka toka paani hadi kwenye buti. Ukikilaza kioo kifuatane na nguzo, umetengeneza gari jingine. Ya pili ni kiuno. Ubavu wa gari hili unabonyea mlangoni na kufura tena juu ya gurudumu la nyuma, na Wamarekani wenyewe huulinganisha mkato huo na chupa ya Coca-Cola. Nilipomwambia hivyo hakusema neno. Alikwenda dukani kwa mama yake, akarudi na chupa tupu ya soda, akailaza juu ya mchoro na kupindisha waya kwa kuifuata. Mpindo ulikuwa mkali mno. Akaunyoosha kidogo kwa kidole gumba, akasogea nyuma, akafumba jicho moja, akaunyoosha tena kwa upana wa ukucha. Nilitazama kazi ile kwa muda mrefu bila kuzungumza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini.

Bati lilitoka kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Ni jembamba, linakatwa kwa mkasi, na likigongwa kwa nyundo ya mbao juu ya mfuko wa mchanga linakubali kufura. Upande wenye maandishi aliuweka ndani. Ukifungua mlango wa Charger ile leo, unakuta picha ya mnazi na robo ya neno lililokatika, na nilimkataza kuifuta.

Tulibishana juu ya jambo moja. Magari ya waya ya watoto yana usukani mrefu, fito inayopanda toka ekseli ya mbele hadi kiunoni mwa mwenye gari, naye hutembea nyuma yake akilielekeza. Mimi nilitaka gari la kuweka kabatini. Yeye alitaka litembee.

"Mzee, gari lisilokata kona ni picha," alisema. "Na picha unazo nne."

Sikuwa na jibu. Suluhisho lilikuwa lake: magurudumu ya mbele yatakata kona, na fito itakuwa ya kuchomeka na kuchomoa. Ingeingia kwenye kimrija kidogo sakafuni mwa gari, nyuma ya kiti cha dereva. Kimrija hicho, pamoja na magurudumu, tungevitafuta Mpondwe siku ya gulio.

Kabla hatujaenda alinionyesha kwa nini rangi haipakwi Ibanda. Ilikuwa jioni, mvua imetoka kukatika. Alichukua kipande cha bati kisicho na kazi, akakipulizia rangi nyeusi ya gereji iliyochanganywa na tina. Kilikuwa cheusi cha kung'aa kwa muda mfupi, kisha utando mweupe ukaanza kutokea pembeni na kuenea mpaka katikati, mithili ya maziwa kwenye chai. Sababu yake inajulikana kwa mafundi wote wa rangi. Tina inakauka upesi, na inapokauka inapoza bati. Hewa ikiwa na maji mengi, unyevu unagandia kwenye rangi ambayo haijashika, na weusi unaharibika. Chini ya Rwenzori hewa ina maji karibu mwaka mzima. "Huku tunaunda," alisema. "Rangi ni Kasese."

Ijumaa tulishuka. Kutoka Kasese unarudi kusini hadi Kikorongo, unakata kulia, na barabara inakupeleka Bwera na hatimaye Mpondwe, ambako mto Lhubiriha unagawa Uganda na Kongo. Ng'ambo ni Kasindi, na barabara inaendelea hadi Beni na Butembo. Watu wa pande mbili ni ndugu, Wakonzo huku na Wanande kule, na wengi hujiita Wayira wote pamoja. Mpaka huu umepata misukosuko yake: Ebola ilivuka hapa Juni 2019, na Juni 2023 shule moja ya Mpondwe ilishambuliwa na wanafunzi wengi wakauawa. Ukaguzi ni mkali, nami sikuvuka. Soko halikuhitaji nivuke. Kongo nzima ilikuwa imeshakuja, na mawese yake, na vitenge vyake, na Kiswahili chake.

Tulinunua ndala kuukuu kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza mitumba. "Munatengeneza nini na hii bintu ya kuharibika?" alituuliza. Fundi akamwonyesha fremu. Mama yule akaigeuza juu chini, akakagua ekseli, akapunguza bei bila kuombwa. Soli za ndala ndizo magurudumu: unapasha moto ukingo wa mkebe wa duara, unaukandamiza kwenye soli, na gurudumu linatoka limekamilika. Kisha linavishwa ukanda wa mpira wa ndani ya tairi. Ya nyuma aliyafanya mapana kuliko ya mbele, maana ndivyo gari la misuli linavyosimama, kifua chini na mapaja nje. Mwamvuli mmoja uliovunjika ulitupa mbavu za chuma kwa ajili ya fremu za vioo, na mpini wake mwembamba ukawa kile kimrija cha usukani. Karatasi za fedha za pakiti za sigara zilikuwa za bampa. Bampa ya mbele ya Charger ya 1970 inaizunguka grili yote kwa kromu, na taa zimefichwa nyuma ya grili, kwa hiyo bila mng'ao huo gari halina uso. Waundaji wa Ulaya hununua karatasi maalumu ya chuma yenye gundi kwa kazi hiyohiyo. Rangi ya kucha nyekundu, chupa moja, ikawa ya taa ndefu za nyuma.

Watoto walikuwa wameshatuzingira, kila mmoja na gari lake la waya. Hao ni wakaguzi wasio na huruma. Mmoja alitaka kujua mizigo inakaa wapi. Mwingine aliinama akachungulia kiti cha dereva, akatangaza kwa sauti: "Ya Kongo!" Usukani ulikuwa kushoto. Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara na usukani uko kulia. Kongo, sawa na Marekani, ni kinyume chake. Kule Kasese watu wawili walikuwa wamemwambia fundi kwamba amekosea. Mpondwe, ambako malori yenye usukani wa kushoto hupita mchana kutwa, hakuna aliyeshangaa. Kwa watoto wa mpakani gari la Detroit ni gari la jirani.

Ni hapo pia fundi alipoamua kwamba Charger itavaa vizuia tope, vinne, vya mpira mweusi. Nilipinga. Gari la mbio na vizuia tope wapi na wapi! Akanijibu kwamba hakuna gari litokalo Bwera bila hivyo. Nikakumbuka kwamba AMT yenyewe, tangu 1958, iliwauzia watoto wa Marekani kisanduku kimoja chenye njia tatu za kuunda gari: lilivyotoka kiwandani, la kujirembea, au la mashindano. Kurembea ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya, na mrembaji alikuwa yeye. Kwenye vizuia tope vya nyuma aliandika kwa rangi nyeupe, herufi ndogo zilizonyooka: Kasese – Kasindi.

Rangi ilipakwa Kasese, kwenye gereji ya mzee anayepulizia matangi ya boda na milango ya teksi. Alikubali kwa sharti kwamba tuje alfajiri, kabla ya upepo. Tulimkuta ameshamwaga maji sakafuni ili vumbi lilale.

Nyeusi ndiyo rangi mbaya kuliko zote kwa fundi mvivu. Nyeupe inaficha, nyekundu inasamehe. Nyeusi ya kung'aa inaonyesha kila pigo la nyundo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kupaka rangi ile haikuwa kupaka. Bati lilioshwa kwa sabuni, likafutwa kwa tina, likapigwa praima ya kijivu. Praima ilipokauka mabonde yalijitokeza, yakajazwa fila, yakasuguliwa kwa msasa wa 400 na maji, kisha wa 800. Mzee hakutazama kwa macho. Alipitisha kiganja kilicholowa, macho yake yako barabarani, na alipokuta kasoro aliizungushia penseli. Alizungusha nyingi. Kijana alisugua bila kunung'unika, na nafikiri pale ndipo nilipoamini kwamba gari litafika.

Mzee alipendekeza rangi yenye chembe za metali, ile inayometameta, na alikuwa na mkebe uliobaki wa bure. Tulikataa wote wawili kwa pamoja. Chembe hizo zimesagwa kwa ajili ya gari kubwa. Kwenye gari la moja kwa kumi kila chembe inaonekana kubwa mara kumi, na jicho linatambua mara moja kwamba hicho ni kichezeo. Ndiyo tofauti ambayo watu huisahau: unaweza kupunguza bati, lakini rangi haipungui. Kwa sababu hiyohiyo lazima iwe nyembamba. Rangi nzito inaziba mfereji wa mlango na kulainisha kona za boneti, na gari lililochongwa kwa jasho linageuka sabuni iliyotumika.

Basi akaiongeza tina, akaipuliza kwa bastola ndogo anayotumia kuziba mikwaruzo, pazia jembamba baada ya pazia, bati likionekana bado kwa chini mwanzoni. Hewa ya Kasese ilikuwa kavu, na weusi ukashika. Baada ya vanishi ya juu lilikaa kivulini hadi kesho yake, likasuguliwa kwa kitambaa laini na dawa ya meno, ambayo ina ukali mdogo unaotosha kabisa. Bampa ikavishwa fedha yake, taa za nyuma rangi ya kucha, na juu ya boneti kikasimama kile chombo cha hewa, kilichotokana na kifuniko cha dawa ya meno hiyohiyo na vizibo viwili vya soda.

Fundi akachomeka fito, akalitembeza gari toka gereji hadi barabarani na kurudi. Lilikata kona zote mbili. Mzee wa rangi akasema nyuma limenyanyuka mno. Ni kweli, na ndivyo linavyopaswa kuwa.

Wapo watakaokuambia kwamba hii ni sanaa ya taka, au michezo ya watoto maskini. Nimeishika kazi ya plastiki ya watu wenye karakana zenye mashine za kunyonya vumbi, na nasema Charger ya Ibanda haiombi kuonewa huruma popote. Mstari wa paa lake uko sahihi. Hicho ndicho kipimo, na magari mengi ya visanduku vya bei kubwa hayakifikii.

Ukitaka lako, nenda na picha za pande nne na urefu wa ekseli hadi ekseli, si urefu wa gari peke yake. Epuka mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba, maana hata Kasese rangi itachelewa. Magulio ya Mpondwe ni Jumanne na Ijumaa. Nusu ya malipo hutolewa mwanzoni, ya fundi wa rangi ni mbali, na vizuia tope usivikatae. Bei utakayotajiwa usiipunguze. Mimi niliijaribu nikiwa na hesabu ya saa zake za msasa mkononi, nikaona aibu, nikaongeza.